Jioni Tisa, Asubuhi Watano: Kuwalinda Vichanga wa Panya wa Kufugwa

Jioni mfugaji alihesabu vichanga tisa. Asubuhi alipoinua kifuniko alikuta watano, mmoja kati yao wa baridi kama kokoto ya mtoni, na kipande cha mkia juu ya maranda. Jambo la kwanza analosema mtu aliyefikwa na hali hiyo ni kwamba jike yule ana roho mbaya, auawe, aletwe mwingine. La pili ni kwamba panya ndivyo walivyo. Kauli zote mbili si za kweli, na zote mbili humgharimu mfugaji uzao unaofuata, kwa sababu jike mwingine akiingizwa katika tundu lile lile, jirani na mashine ile ile ya kusaga, na maji yale yale yanayokauka usiku wa manane, naye atafanya vivyo hivyo.

Katika vijiji vya Masakta, na kwa jumla katika nyanda za Hanang na Mbulu mkoani Manyara, habari ya kufuga panya inahitaji kuelezwa kabla ya kushauriwa. Watu wa hapa wanamjua panya kwa ghala na kwa tauni. Hufukua mbegu ya mahindi kabla haijachipua, kisha akasubiri mavuno na kuhamia kwenye magunia. Na tauni si hadithi ya mababu: Wilaya ya Mbulu ilipata mlipuko mwaka 2007, na baadaye watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), walitega panya hadi maeneo ya Haydom na kuwachambua viroboto wao. Kwa hiyo mzee anayekunja uso akisikia kijana ameleta panya nyumbani ana haki yake, na mfugaji asimpuuze. Sehemu kubwa ya ushauri ulio humu inahusu kumhakikishia mzee huyo kwamba panya wa tunduni hatakutana hata siku moja na panya wa ghalani.

Lakini ni katika chuo hicho hicho cha SUA, pale Morogoro, ambako tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, wazo la Mbelgiji Bart Weetjens, linazalisha panya buku na kuwafundisha kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wa panya hao, Magawa, alizaliwa huko Novemba 2013, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, akafichua mabomu 71 na masalia mengine ya vita 38, na Septemba 2020 akavishwa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama. Ronin, mzaliwa mwingine wa Tanzania, alikwisha kumpita ilipofika mwaka 2025: mabomu 109 na vilipuzi vingine 15. Kila mmoja wao aliwahi kuwa kichanga kipofu, asiye na unyoya, mwenye ngozi nyembamba ambayo maziwa yanaonekana ndani yake, na uhai wake ulitegemea mama aliyeachwa atulie.

Panya buku mwenyewe si mnyama wa kuanza naye. Ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumkamata mnyamapori porini na kumfungia nyumbani bila kibali. Tena uzazi wake ni mgumu hata kwa wataalamu. Huzaa watoto wachache, mara nyingi wawili hadi wanne, na mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani walieleza jambo la ajabu: majike wengi waliokwisha kukomaa kwa umri walikuwa bado wamezibwa uke kwa ngozi na hawakuweza kupandwa, na wapo waliokuwa wamefunguka kisha wakafunga tena. Watafiti hao wanashuku kwamba harufu ya jike anayezaa huwazuia majirani zake. Kwa mtu wa Morogoro aliye na banda zima la majike, habari hiyo inabadilisha hata mpangilio wa matundu.

Anayefugika nyumbani, shuleni au katika maabara ndogo ni panya mweupe. Asili yake ni panya wa kahawia, na watu wamemzalisha kwa zaidi ya karne moja. Ukoo mashuhuri wa Wistar ulianzishwa Philadelphia mwaka 1906. Apatikane kutoka maabara au kwa mfugaji anayejulikana. Kukamata panya wa shambani au wa nyumbani na kumfuga ni kosa ambalo katika nchi yenye historia ya tauni halina udhuru.

Hesabu zake ni rahisi kukumbuka. Jike hupata joto kila baada ya siku nne au tano. Mimba huchukua siku 21 hadi 23. Huzaa watoto wanane hadi kumi na wawili, wakati mwingine zaidi. Vichanga hufungua macho wiki ya pili inapokamilika, na huachishwa kunyonya wakiwa na siku 21 au zaidi. Dume na jike wanaweza kuanza kupandana wakiwa na wiki tano au sita tu, jambo ambalo wafugaji wengi hulijua wakiwa wameshachelewa.

Tukianza na nyumba yenyewe: mbao haifai. Panya huitafuna, na mkojo huingia ndani yake ukakaa humo miezi. Beseni pana na refu la plastiki ngumu, au sanduku la bati, lenye kifuniko cha wavu wa chuma, linatosha kwa jike mmoja na watoto wake. Wavu uwe wa matundu ya robo inchi. Wavu wa nusu inchi, ule unaouzwa kwa mabanda ya kuku, humzuia panya mkubwa lakini panya mdogo wa nyumbani atapenya, na vichanga wanaoanza kutambaa wanaweza kutoka. Chini pawe pazima, kamwe pasiwe wavu, kwa sababu jike hawezi kujenga kiota hewani na miguu ya vichanga hunasa. Morogoro panya buku hupewa vyungu vya udongo vya kulalia, na mfugaji wa Masakta anaweza kuiga hilo kwa bei ndogo: chungu kilichovunjika mdomo, kikalazwa ubavu na kingo zake zikasuguliwa kwenye jiwe, humpa jike chumba chenye giza, chenye ukuta mnene unaotunza joto, na kinachooshwa kikaanikwa juani.

Joto si jambo la kupitia haraka. Anayeishi kwenye miteremko inayotazama Mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, anajua usiku wa Juni na Julai ulivyo. Kichanga wa panya hawezi kujitengenezea joto la kutosha. Anategemea mwili wa mama, miili ya ndugu zake na kiota. Akipata baridi hulia kwa sauti nyembamba mno ambayo sikio la binadamu haliipati kabisa. Mama huisikia na kumrudisha kiotani, mradi ana nyasi za kutosha na hana hofu. Vichanga wengi wanaosemekana kuliwa na mama yao walikuwa wamekwisha kufa kwa baridi, naye akala mizoga ili kiota kisioze.

Kwa hiyo mfugaji ampe vya kujengea, tena vingi, siku tatu au nne kabla ya kuzaa. Nchi ya ngano kama Hanang ina utajiri ambao mfugaji wa mjini hununua: majani makavu ya ngano yaliyokatwa vipande vifupi ni laini, yana hewa ndani, na jike huyapanga kama mtu anayesuka. Yachukuliwe yaliyo safi, yasiyo na ukungu, na yaanikwe juani kwa siku nzima. Yale yaliyolala chini ya ghala ambamo panya wa nyumba wamekojoa yaachwe huko huko. Karatasi nyeupe zilizochanwa vipande virefu zinafaa pia. Pamba na nyuzi za kitambaa hazifai hata kidogo. Huonekana laini, lakini uzi hujizungusha kwenye mguu wa kichanga, mguu ukavimba, ukafa.

Maranda ya seremala ndiyo matandiko ya kawaida chini ya kiota, na hapo pana swali la kumuuliza fundi: mbao gani? Maranda ya mwerezi, na ya mbao nyingine zenye utomvu unaonukia kwa nguvu, huumiza mapafu na ini la panya. Na ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa yasiguswe. Harufu ile nzuri ya karakana ndiyo dalili ya kukataa.

Sasa mahali pa kuliweka tundu. Tundu likae ndani ya chumba, juu ya meza, mbali na mlango, mbali na jiko la kuni na moshi wake, mbali na jua la moja kwa moja kwa sababu macho ya panya mweupe huharibiwa na mwanga mkali. Miguu ya meza isimame ndani ya makopo yenye maji na mafuta kidogo juu yake. Hiyo ni kinga ya siafu, na asiyewahi kuona siafu wakiingia kwenye tundu la vichanga usiku mmoja wa mvua ashukuru, kwa sababu asubuhi hapabaki cha kuzika. Paka asiingie chumbani hata kama wavu ni imara: jike anayenusa paka usiku kucha hanyonyeshi vizuri.

Kelele ni adui asiyeonekana. Panya husikia sauti za juu kupita uwezo wa binadamu, kwa hiyo chumba ambacho mtu anakiona kimya kinaweza kuwa na kilio cha mkanda wa mashine, chaja mbovu au mlango wa bati unaosuguana. Tundu lililo ukuta mmoja na mashine ya kusaga au jenereta litapoteza vichanga, na kubadilisha majike hakutaponya hilo.

Kuna kosa moja la nia njema. Mfugaji ana vifaranga, amewawashia taa ya joto usiku na mchana, anaona chumba kina joto, na hapo hapo anaweka panya wake. Kwa panya hilo ni balaa. Mwanga usiozimika huvuruga mzunguko wa jike hadi akaacha kushika mimba. Panya anahitaji giza la usiku kama anavyohitaji maji. Joto liongezwe kwa nyasi, kwa chungu, na kwa gunia linalofunika tundu pande tatu, upande wa nne ukiachwa wazi kwa hewa.

Upandishaji wenyewe ni kazi ya daftari. Jike aanze akiwa na miezi mitatu au minne, mwili umejaa. Akiwekwa na dume kwa siku kumi, atakuwa amepitia joto mara mbili, na hiyo inatosha. Siku aliyoingizwa dume iandikwe, na siku dume alipotolewa iandikwe. Ni lazima dume atolewe kabla ya siku ya kuzaa. Sababu haimo katika ukali wake. Dume aliyezoeana na jike mara nyingi huwa mpole kwa watoto wake. Sababu ni kwamba jike hupata joto ndani ya saa 24 baada ya kuzaa, naye dume atampanda akiwa bado anavuja damu. Matokeo yake ni mama anayenyonyesha kumi huku akibeba kumi wengine, maziwa yakapungua, na uzao wa pili ukaja wakati wa kwanza bado wamejaa kiotani na kuwakanyaga wadogo zao. Dume mgeni, huyo ni hatari halisi: asiyewahi kuishi na jike huyo anaweza kuwaua vichanga aliowakuta.

Wapo wanaowaacha majike wawili wazalie pamoja ili wasaidiane. Hufaulu pale wanapozaa ndani ya siku moja au mbili. Wakipishana kwa wiki, vichanga wakubwa hunyonya chuchu zote, wadogo wakakonda kando ya shibe, na yule mwenye mimba changa anaweza kuwashambulia watoto wa mwenzake. Mfugaji mwenye matundu ya kutosha amtenge kila jike siku ya kumi na nane ya mimba, akiwa na nyasi zake na chungu chake, na asimhamishe tena.

Baada ya hapo inakuja kazi ngumu kuliko zote, ambayo ni kutofanya kitu.

Siku ya kuzaa mfugaji asikilize tu. Sauti ndogo ndogo za mikwaruzo na milio hutosha kumjulisha. Aongeze maji, aongeze chakula, aondoke. Watoto wa nyumbani, ambao wamesubiri wiki tatu nzima, waambiwe waziwazi kwamba kufunua kila saa kunaua. Kesho yake mama anapotoka kula, mfugaji anaweza kuchungulia kwa muda mfupi. Kama ni lazima aguse, kwa mfano kumtoa aliyekufa, amtoe kwanza mama kwa kumvuta na kipande cha karanga, ajisugue mikono kwa matandiko ya tundu lile lile, afanye kazi yake kwa dakika moja, kisha amrudishe. Mikono yenye marashi, sabuni kali, mafuta ya taa au harufu ya mbwa isikaribie.

Kitu cha kutazama ni tumbo la kichanga. Aliyeshiba ana mstari mweupe upande wa kushoto, maziwa yakionekana kupitia ngozi. Uzao wenye mistari myeupe, uliolundikana pamoja na wenye rangi ya waridi, uko salama, hata kama mama anaonekana hana haraka. Vichanga waliotawanyika, wa kijivu, wasio na mstari, wanaashiria kwamba mama hana maziwa au hakai. Hapo swali la kwanza ni maji. Jike anayenyonyesha hunywa mara kadhaa zaidi ya kawaida yake, na chombo kikikauka usiku mmoja maziwa hukatika. Chupa ya kuning'inia yenye mrija ni bora kuliko kikombe, kwa sababu kikombe humwagika na kulowanisha kiota, lakini mrija huziba: ujaribiwe kwa kidole kila jioni. Chombo cha pili cha maji katika tundu moja si anasa.

Kama mama amekufa au amekauka kabisa, vichanga wanaweza kupewa jike mwingine aliyezaa ndani ya siku mbili tatu hizo. Wachanganywe na watoto wake, wafunikwe kwa matandiko yake kwa dakika kadhaa wanuke kama wenyeji, ndipo jike huyo arudishwe. Wengi hupokelewa. Kuwalisha kwa sindano ya maziwa ya ng'ombe, kila saa mbili usiku na mchana, ni jaribio ambalo mara chache huishia vizuri, na ni haki kumwambia mfugaji hivyo mapema.

Kuhusu chakula, ugali mtupu haumtoshi mama. Mahindi humpa nguvu lakini protini yake ni ndogo, na jike anayenyonyesha kumi anahitaji chakula ambacho karibu sehemu ya tano yake ni protini. Mchanganyiko wa mahindi, ngano, dagaa waliosagwa, mashudu ya alizeti na soya iliyokaangwa unapatikana mjini Katesh hata Haydom siku ya mnada. Maharage yapikwe yaive, kwa kuwa mabichi yana sumu ya tumbo. Kipande cha karoti au jani la sukuma si vibaya, ila kidogo. Protini ikikosekana, mama huchukua inayopatikana karibu, na iliyo karibu ni watoto wake.

Na mahindi yaliyooza si chakula cha panya. Kauli ya kwamba mahindi mabaya "yatafaa mifugo" isikilizwe kwa hofu katika mkoa huu: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Panya ni miongoni mwa wanyama ambao ini lao huharibiwa upesi na sumu hiyo, na mama anayekula punje zenye ukungu huwanyonyesha watoto sehemu ya sumu hiyo.

Usafi una kipimo kimoja tu kinachoaminika: pua. Asubuhi, kabla ya kufungua dirisha, mfugaji ainame hadi uso wake uwe sawa na matandiko, avute pumzi. Ikiwa harufu ya mkojo inamchoma puani, vichanga wamekuwa wakiivuta usiku kucha, wakiwa karibu nayo zaidi ya yeye. Harufu hiyo ni amonia. Huchubua njia ya hewa na kufungua mlango kwa ugonjwa wa mapafu ambao panya wengi wamebeba vimelea vyake tangu utotoni. Ndiyo asili ya chafya na mikoromo inayosikika katika matundu yaliyosahauliwa. Hata hivyo kusafisha kila kitu wakati wa vichanga ni kosa kama kutosafisha kabisa. Harufu ya kiota ndiyo inayomwambia mama kwamba hawa ni wake. Katika siku kumi za kwanza iondolewe pembe iliyolowa tu, pale anapokojoa, na kiota kiachwe.

Hapa ndipo mzee yule anayekunja uso anarudi kwenye mazungumzo. Tauni huletwa na viroboto wanaohama kutoka panya aliyekufa kwenda kwa mnyama au mtu aliye karibu. Panya wa tunduni, mweupe na msafi, hana tauni kwa asili yake; ataipata iwapo panya wa nje watalala chini ya meza yake. Kwa hiyo chumba cha panya kisiwe chumba cha nafaka. Chakula kikae kwenye ndoo yenye kifuniko, punje zilizomwagika zifagiliwe kila jioni, na matandiko machafu yachomwe au yafukiwe mbali na nyumba badala ya kurundikwa nyuma ya ukuta ambako yatakuwa kiota cha wageni. Sumu ya panya isitawanywe katika chumba hicho: panya wa nje atakufia darini, na viroboto wake watashuka. Wataalamu wa tauni husisitiza kuua viroboto kwanza ndipo panya wauawe, kwa sababu hiyo hiyo.

Mfugaji akiona panya wa nje wamekufa ovyo kijijini bila sababu, asiwaguse kwa mkono, na habari ipelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Mtu akipata homa kali ya ghafla na mitoki iliyovimba na kuuma kinenani au kwapani, aende hospitali upesi na aseme wazi kwamba anashughulika na panya. Tauni inatibika kwa dawa za kuua bakteria ikiwahiwa; ikicheleweshwa huua. Aliyeng'atwa na panya, hata yule mweupe mpole, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, na homa ikifuata asikae nayo nyumbani.

Vichanga wakishaota manyoya, tangu siku ya kumi hivi, mambo hulainika. Ndio wakati wa kuwashika kila siku kwa muda mfupi, mmoja mmoja, kwenye kiganja chenye joto. Morogoro kazi hiyo hufanywa kwa makini makubwa: watoto wa panya buku wakifungua macho tu huanza kubebwa na kuzoeshwa sauti, harufu na watu, kwa sababu panya anayeogopa mkono hafundishiki. Kuanzia wiki ya tatu wawekewe chakula laini sakafuni na maji kwa kimo chao. Wanaochelewa kukua waachwe kwa mama hadi wiki ya nne.

Tarehe isiyovumilia uzembe ni wiki ya tano. Hapo madume watengwe na majike, akiwemo mama yao. Kutofautisha si vigumu: katika dume nafasi kati ya njia ya mkojo na njia ya haja kubwa ni ndefu zaidi, na jike huonyesha safu za chuchu tangu kabla manyoya hayajafunika tumbo, ndiyo maana siku ya kumi ni siku nzuri ya kuhesabu na kuandika. Mama apumzishwe hadi mwili urudi kabla ya kupandwa tena, na akikaribia mwaka na robo astaafu.

Yote haya yanawahusu pia wenye sungura na simbilisi, ambao ni wengi zaidi vijijini, lakini kwa tofauti zake. Simbilisi hubeba mimba kwa zaidi ya miezi miwili na mtoto wake huzaliwa ana manyoya, macho wazi, akikimbia. Adui yake ni ukosefu wa majani mabichi, kwa kuwa mwili wake hautengenezi vitamini C. Sungura huzaa baada ya siku 31 hivi vichanga watupu kama wa panya, na hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, kwa dakika chache, kisha akakaa mbali. Watu wamewatoa watoto wa sungura kiotani wakidhani wametupwa, kumbe mama alikuwa anafanya kama inavyompasa.

Daftari liwe na safu tano: tarehe dume alipoingia, tarehe ya kuzaa, waliozaliwa, waliokufa na siku ya kufa, waliotengwa. Safu ya siku ya kufa ndiyo inayosema zaidi. Vifo vya usiku wa kwanza na wa pili huelekeza kwenye baridi, kelele au mtu aliyefunua. Vifo vya siku ya tano hadi ya kumi huelekeza kwenye maziwa, yaani maji na chakula. Vifo vya wiki ya tatu, vikiambatana na chafya, huelekeza kwenye harufu ya mkojo. Mfugaji aliyeandika hivyo kwa awamu tatu za uzazi, akaona vifo vyake vyote vimeangukia siku mbili za mwanzo na kila mara ni katika miezi ya kipupwe, anajua kazi yake ya wiki hii: kuomba mzigo wa majani ya ngano kwa jirani, kuyaanika, na kulisogeza tundu mbali na ukuta wa mashine.